Shiraz ya Barossa juu ya friji Dar es Salaam: tuisubiri au tuifungue?

"Kaka yangu anafanya kazi Adelaide, Australia. Disemba alipokuja likizo alituletea chupa ya shiraz, mvinyo mwekundu wa bonde la Barossa, ya mwaka 2019, kwa kuwa ndio mwaka tuliofunga ndoa. Muuzaji alimhakikishia itakaa miaka 15, na kwamba kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa tamu. Tumepanga kuifungua 2034, tukitimiza miaka 15. Tunaishi Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, AC iko chumbani kwetu tu na tunaiwasha usiku. Chupa nimeilaza kwenye kabati la jikoni lililo juu ya friji. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba haina kizibo cha kuvuta, ina kifuniko cha kuzungusha kama cha chupa ya maji, na shemeji yangu anasema mvinyo wa namna hiyo ni wa bei rahisi, haukai. Tusubiri au tunywe?"

Dada, kabla hujaendelea kusoma, nenda kaishushe hiyo chupa. Kabati la juu ya friji ni mojawapo ya sehemu zenye joto kali zaidi jikoni: joto ambalo friji inalitoa kwenye vyakula halipotei, linatokea mgongoni mwake na kupanda moja kwa moja humo. Iweke sakafuni ndani ya kabati la nguo, chumbani kwenu, upande usiopigwa na jua la jioni. Hapo si mahali pa kudumu, ila patakupa muda wa kuamua bila haraka.

Wasiwasi wako uko kwenye kifuniko. Wangu uko kwenye hilo kabati. Lakini tuanze na shemeji, maana hoja yake ni nyepesi kuiondoa.

Kifuniko cha kuzungusha hakisemi lolote kuhusu bei. Watengenezaji wa Australia walichoshwa na vizibo vya gome la mti, ambavyo baadhi huutia mvinyo harufu ya kadibodi iliyolowa (kemikali yake inaitwa TCA). Mwaka 2000 kundi la watengenezaji wa bonde la Clare, kaskazini kidogo ya Barossa, wakahamia kwa pamoja kwenye vifuniko vya kuzungusha kwa mvinyo wao mweupe wa riesling. Wengine wakafuata, na leo mvinyo mwingi wa Australia hufungwa hivyo, pamoja na chupa za bei ya kutisha. Ndani ya kifuniko kuna kisahani chembamba kinachobana mdomo wa chupa na kupitisha hewa kidogo mno. Mvinyo uliofungwa hivyo unazeeka vilevile, ila polepole na kwa usawa: chupa sita za sanduku moja zitafanana, jambo ambalo kizibo hakiwezi kuliahidi. Kulaza chupa ni kwa ajili ya kizibo, kisikauke na kusinyaa. Yako hata ukiisimamisha ni sawa.

Unachotakiwa kukikagua ni mbonyeo. Pitisha kidole kuzunguka ukingo wa juu kabisa wa kifuniko, pale kinapokutana na mdomo wa chupa, maana hapo ndipo kinapobana. Begi la safari ya ndege linaweza kupabonyeza. Kama pamebonyea, au ukigusa shingo chini ya kifuniko unahisi kunata, mvinyo umeshaanza kuvuja na hewa inaingia. Hapo hakuna cha kusubiri, mnywe wiki hii.

Sasa hilo neno "tamu", ambalo limewapoteza wengi. Kiswahili chetu kinatumia utamu kwa sukari na kwa uzuri wa ladha pia, na muuzaji alikusudia la pili. Shiraz ya Barossa ni mvinyo mkavu: sukari ya zabibu karibu yote imeshageuka kilevi wakati wa kuchachuka, ndiyo maana lebo nyingi husoma asilimia 14 hadi 15. Sukari haitaongezeka ndani ya chupa hata ikikaa miaka hamsini. Kinachobadilika ni ukakasi.

Ukakasi unaujua. Ni ule wa bibo, au wa zambarau ambazo hazijaiva sawasawa: ulimi unakauka, fizi zinakuwa kama zimepakwa unga. Kwenye mvinyo mwekundu unatokana na tanini, zitokazo kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kidogo kwenye mbao za pipa la mwaloni. Mvinyo ukiwa mchanga, tanini na chembe za rangi nyingi bado zinaelea zikiwa huru. Miaka inavyopita zinashikana, zinaunda minyororo mirefu, na nyingine zinakuwa nzito hadi kuzama. Hayo ndiyo mashapo meusi unayoyakuta chini ya chupa ya zamani. Ukakasi unalainika, rangi inatoka kwenye zambarau iliyokolea kuelekea wekundu wa tofali, na unaiona kwanza pembezoni mwa glasi ukiiinamisha juu ya karatasi nyeupe.

Harufu nayo inahama. Shiraz changa ya Barossa inanukia forosadi zilizoiva mpaka zimeanza kudondoka, na vanila au nazi kama ilikaa kwenye pipa la mwaloni wa Marekani. Ikifika miaka kumi, harufu ya matunda hayo inarudi nyuma, zinakuja ngozi, tumbaku, tende, uyoga, udongo ulionyeshewa. Wapo wanaoziona harufu hizi kuwa ndizo hasa sababu ya kuhifadhi mvinyo. Wapo pia, na ni wengi kuliko wanaokubali hadharani, wanaozionja na kujiuliza yale matunda yamekwenda wapi. Kama wewe na mume wako mnapenda mvinyo wenye matunda ya kujaa mdomo, kuisubiri sana ni kujinyima.

Ndiyo maana namba ya "miaka 15" inahitaji kusomwa vizuri. Mvinyo unapanda, unatulia juu kwa muda, kisha unashuka. Muuzaji anapotaja miaka 15 kwa kawaida anataja mwisho wa kule kutulia, siku ambayo bado haujaharibika. Si siku yake bora. Shiraz ya kawaida ya dukani imetengenezwa kunywewa ndani ya miaka miwili hadi minne tangu mavuno. Shiraz nzuri ya Barossa huwa na raha yake kubwa kati ya mwaka wa tano na wa kumi na mbili. Zile za juu kabisa, kama Grange ambayo mtengenezaji Max Schubert wa kiwanda cha Penfolds aliitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka 1951, hukaa miongo.

Ya kwenu iko daraja gani? Siioni lebo, lakini wewe unayo. Tafuta umri wa mizabibu. Barossa wana mpango wao wa kuipanga: miaka 35 na zaidi, 70, 100, na 125. Wadudu wa filoksera, walioteketeza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, hawakufika jimbo la Australia Kusini, kwa hiyo pale iko mizabibu iliyopandwa miaka ya 1840 na bado inazaa. Mti mzee huzaa kidogo, na katika mikono mizuri zabibu zake huwa na ladha na tanini iliyokolea. Mwaka 2019 wenyewe ulikuwa wa ukame, mavuno yalipungua sana bondeni humo. Zabibu ndogo zina ganda jingi kwa maji kidogo, na ganda ndiko iliko tanini. Kwa chupa iliyotunzwa, hiyo ni dalili njema. Uzito wa chupa yenyewe na dhahabu ya kwenye lebo usivihesabu.

Neno muhimu hapo ni "iliyotunzwa". Miaka 15 ya muuzaji imehesabiwa kwenye chumba cha nyuzi 12 hadi 14, chenye giza, kisichobadilika Januari wala Julai. Mabadiliko yote niliyoyaeleza ni kemia, na kemia hukimbia kwa joto. Kwa makadirio ya jumla, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huzidisha kasi mara mbili hivi. Ndani ya nyumba ya Dar bila AC, nyuzi 28 ni za kawaida, na kaskazi ikivuma zinazidi 30. Kutoka 13 hadi 28 ni kasi ya karibu mara tatu. Miaka minane mtakayosubiri inageuka zaidi ya ishirini, na mvinyo unakuwa umekufa siku nyingi kabla ya sherehe.

Ingekuwa ni kasi tu, mtu angesema vizuri, basi nitapata mvinyo wa miaka 15 ndani ya miaka mitano. Haiendi hivyo, kwa sababu si kila badiliko linakimbizwa sawa na jenzake. Joto linaumaliza haraka ule ulinzi wa salfa uliowekwa kuuzuia mvinyo usiungue na oksijeni, na linapika matunda kabla tanini haijapata muda wa kulainika. Matokeo yake ni kitu chenye ladha ya jemu iliyoungua na zabibu kavu, huku ukakasi umebaki mkavu vilevile. Tena nafasi tupu ya shingoni ni mililita chache tu, na mvinyo ukipanda kutoka nyuzi 20 hadi 35 unavimba na kuibana nafasi hiyo. Usiku AC inaushusha, mchana unapanda, na kila mzunguko unasukuma kifuniko na kukivuta. Chenye kizibo ndicho kinachoteseka zaidi: ukiona kizibo kimechomoza juu ya mdomo wa chupa, ujue kimesukumwa na joto. Subira yavuta heri, lakini si subira ya juu ya friji.

Kwa hiyo mna njia gani?

Ya kwanza, na ndiyo ningeichagua kama hamtaki kununua kifaa chochote: mnywe kipupwe kijacho, Juni hadi Agosti, kabla kaskazi haijarudi. Chupa ina zaidi ya miaka sita, imo ndani ya kipindi chake kizuri, na miezi michache ya kabatini, ingawa haikuufaa, huenda haijaupeleka pabaya. Hampotezi kitu. Shiraz ya miaka sita au saba iliyo hai inaishinda ya miaka 15 iliyopikwa, na wala si mashindano ya karibu.

Ya pili ni kuihamisha. Kama mna ndugu Njombe au Lushoto, chumba cha ndani kisicho na jua huko kinaweza kukaa chini ya nyuzi 20 muda mwingi wa mwaka. Si 13, lakini ni dunia nyingine kabisa ukilinganisha na Dar. Ifungeni chupa kwenye boksi lenye magazeti, ndugu aliweke sakafuni, mbali na jiko la mkaa. Mwambieni pia ni la nini, lisije likafunguliwa Krismasi.

Ya tatu ni friji ya mvinyo, na hapa wengi hupigwa. Zile ndogo za chupa sita au kumi na mbili, zisizo na kompresa, hupoza kwa kipande cha umeme chenye feni, na nyingi zinaweza kushusha joto kwa nyuzi 10 hadi 15 tu chini ya joto la chumba. Ulaya, ambako chumba kina nyuzi 20, zinafika 12 bila shida. Dar, chumba kikiwa na 32, zinahangaika mchana kutwa kufika 20, LUKU inakwenda na feni inakufa. Ukinunua, uliza kwanza kama ina kompresa.

Njia ya bei nafuu zaidi ni friji ndogo ya kawaida ya mtumba pamoja na kidhibiti joto cha nje: ni soketi yenye kipimo cha waya, unachomeka friji kwake, nayo inaiwasha na kuizima. Weka 13, iruhusu ipande hadi 15 kabla ya kuwasha. Kosa la kawaida ni kuacha kile kipimo kikining'inia hewani. Kila ukifungua mlango kinadhani joto limepanda, na kompresa inawaka na kuzima mpaka inachoka. Kifunge kwa gundi ya karatasi ubavuni mwa chupa ya maji iliyojaa, ili kisome joto la kimiminika. Na weka ucheleweshaji wa dakika tatu hadi tano kabla ya kompresa kuwaka upya, vifaa vingi vina sehemu ya kuuweka. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tano au sita, usiifungue tu. Chupa nyingi zilizojaa hupata joto taratibu sana.

Friji ya jikoni je? Nyuzi 4 zinaukawiza mvinyo kuzeeka, haziuharibu. Kwa chupa yenye kizibo ningesema miezi michache, kwa sababu hewa ya humo ni kavu. Ya kwenu yenye kifuniko inaweza kukaa mwaka mmoja au miwili kwenye rafu ya chini, nyuma, mbali na mlango unaotikiswa kila saa, ikiwa imezungushiwa karatasi isipate mwanga. Mtakuwa mmeusimamisha tu. Haitakuwa inakomaa. Lakini kama lengo ni kufika siku fulani ukiwa salama, si wazo baya hata kidogo.

Mkiwa na friji ya nyuzi 13, bado nisingengoja 2034. Ningefungua 2029, miaka kumi ya ndoa na miaka kumi ya mvinyo. Sababu ni ile miezi ya kabatini: hatujui ilikula kiasi gani, na chupa iliyokwishapata joto haipewi imani ya miaka yote. Na mnayo moja tu. Mwenye chupa moja hukisia. Kaka yako akija tena, mwombe alete tatu za aina ile ile. Moja mtafungua mkiipokea, ya pili baada ya miaka mitatu, na hizo mbili zitawaambia siku ya ya tatu kuliko mtaalamu yeyote.

Mkifungua ile ya kwanza, fanyeni hivi. Mimineni nusu kwenye chupa ndogo safi ya juisi, ijae mpaka mdomoni, mfunge, muiweke friji kwa ajili ya siku nyingine. Nusu iliyobaki mnywe glasi moja moja, chupa mkiwa mmeifunga kwa kifuniko chake na kuirudisha friji, leo, kesho na keshokutwa. Kama kesho yake umelainika na matunda yamefunguka zaidi, huo una nguvu ya miaka. Kama kesho yake umebaki uchachu na ladha ya zabibu kavu, zile chupa mbili mzinywe mapema. Jaribio hili linapima jinsi mvinyo unavyostahimili hewa tu, haliwezi kutaja mwaka, ila linautenga mvinyo unaoweza kukaa na usioweza. Mkishaumeza sikilizieni pia mambo matatu: ladha imebaki mdomoni sekunde ngapi, uchachu bado unatoa mate, na kilevi kinachoma kooni au kimefichika. Mvinyo unaochoma leo utachoma hata baada ya miaka kumi, kilevi hakipungui.

Kwa wenye chupa nyingine zilizoandikwa syrah: ni zabibu ileile. Uchunguzi wa vinasaba mwaka 1998 ulionyesha wazazi wake ni aina mbili za Ufaransa, Dureza na Mondeuse Blanche, kwa hiyo ile hadithi kwamba ilitoka mji wa Shiraz wa Iran si kweli. Syrah nzuri ya Hermitage, kwenye bonde la Rhône huko Ufaransa, inavumilia miaka 10 hadi 20 na zaidi, za jirani yake Crozes-Hermitage nyingi ni za kunywa ndani ya miaka minane. Nyekundu za Dodoma, nyingi zimetengenezwa kunywewa zikiwa changa, na hivyo ndivyo zinavyopendeza.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyaamua. Kama kifuniko kina mbonyeo unaoutilia shaka, au chupa ni ya bei kubwa kuliko mlivyodhani, ipelekeni kwa muuza mvinyo anayeijua kazi yake, au kwa mhudumu wa mvinyo wa hoteli kubwa, aishike na kuitazama kwenye mwanga. Kaka yako naye aandikie kiwanda kilichoitengeneza, ataje jina na mwaka. Wengi wanacho kipindi wanachopendekeza kwa kila mwaka wa mavuno, na hilo ni jibu bora kuliko la muuzaji wa kaunta. Na hiyo friji ya mtumba, kabla hujalipa, mwite fundi aisikilize kompresa. Mvinyo uliopikwa na joto si sumu, msiogope kuuonja. Utawasikitisha tu.

Siku ya kuifungua, isimamisheni tangu jana yake ili mashapo yashuke. Msiinywe kwa joto la chumba. Ule ushauri wa "joto la chumba" ni wa nyumba za zamani za Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Ikitoka kabatini Dar, iwekeni friji kama saa moja na nusu, au dakika kumi hadi kumi na mbili kwenye ndoo ya maji na barafu. Ikitoka kwenye nyuzi 13, itoeni tu dakika ishirini kabla. Mkizungusha kifuniko mkapata harufu kidogo ya kiberiti au mpira, msiitupe. Ni matokeo ya kukosa hewa, na huondoka mkiumimina kwenye jagi na kuuacha robo saa.

Mimineni polepole, bila kuirudisha chupa wima katikati, taa ya simu ikiwa imewashwa chini ya shingo. Mtauona mvinyo ukipita safi, mwekundu, mpaka pale uzi mweusi wa mashapo utakapotambaa kutoka begani mwa chupa kuelekea shingoni. Hapo simamisheni. Kilichobaki ni vijiko vitatu au vinne, kitieni kwenye mchuzi wa nyama.